Mashine ya Kukaushia Nguo Isiyokausha Vizuri: Dalili, Vyanzo na Usafishaji Salama wa Bomba la Hewa

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ziwe zimetoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, zinapofika Marekani na Kanada hukuta nyumbani mashine mbili zimepangwa pamoja: ya kufulia na ya kukaushia. Ya kufulia haina ugeni mkubwa. Ya kukaushia, ambayo wengi huiita draya, hutumika miezi yote ya baridi kwa sababu nguo haziwezi kuanikwa nje, na kwa kawaida mtu hufundishwa jambo moja tu kuihusu, yaani kuondoa nyuzinyuzi kwenye chujio kila anapomaliza kukausha. Fundisho hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa maana chujio hukamata sehemu tu ya nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo. Zinazopenya huingia katika bomba lenye upana wa inchi 4 lililo nyuma ya mashine, hujishika kwenye kuta zake na kwenye kona, na huko hakuna anayeziona.

Hatari yake si ya kufikirika. U.S. Fire Administration, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia zimamoto, ilikadiria kuwa kati ya 2008 na 2010 mashine hizi zilisababisha moto wa majumbani takriban 2,900 kila mwaka, pamoja na vifo 5 na majeruhi 100. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafishwa. Mwezi wenye matukio mengi zaidi ulikuwa Januari, wakati nguo ni nzito na mashine haipumziki.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambayo mwenye nyumba anaiona, kisha unafuata chanzo chake. Msimamo wangu ni kwamba malalamiko yoyote kuhusu mashine yenye bomba la kutolea hewa yachukuliwe kwanza kuwa malalamiko ya hewa, hadi ithibitike vinginevyo. Watu wengi huita fundi abadilishe koili, yaani waya unaopasha hewa joto, au hununua mashine mpya, kisha huiunganisha mashine hiyo mpya na bomba lilelile lililoziba.

Kwanza, ijue mashine yako

Mashine ya umeme ya Amerika Kaskazini kwa kawaida hutumia volti 240 na huwa na plagi kubwa ya pini tatu au nne. Ya gesi huwa na plagi ndogo ya kawaida ya volti 120, pamoja na bomba la gesi lenye koki yake nyuma. Zipo pia mashine zisizo na bomba la kutolea hewa kabisa, ambazo hugeuza unyevu kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi dogo au kuyapeleka kwenye mfereji wa maji machafu. Hizo zina utunzaji wake, na sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo haizihusu.

Tofauti kati ya umeme na gesi ni ya uhai na kifo, si ya gharama tu. Bomba la mashine ya umeme hutoa hewa yenye joto na unyevu, ilhali bomba la mashine ya gesi hutoa pia moshi wa moto wa gesi, ambao ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa sababu hiyo mashine ya gesi haiwashwi hata kwa dakika moja bomba lake likiwa limechomolewa, na kila nyumba yenye mashine hiyo inapaswa kuwa na king'ora cha kaboni monoksidi kinachofanya kazi. Wakazi wakianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu mashine ikiwa inafanya kazi, au king'ora kikilia, watu wote watoke nje na wapige simu 911, nambari ya dharura, wakiwa nje.

Dalili ya kwanza: mashine ni ya moto lakini nguo hazikauki

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi, na ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu mtu akigusa mlango wa mashine na kuukuta unachoma huamini kwamba mashine ni nzima na nguo ndizo zenye tatizo. Joto peke yake halikaushi nguo. Aliyewahi kuanika mashuka Pwani siku ya jua kali isiyo na upepo, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, anajua kwamba yatachelewa kuliko siku ya upepo hata kama jua lilikuwa hafifu. Ndani ya mashine, feni ndiyo upepo: huvuta hewa iliyopashwa joto, huipitisha kwenye nguo zinazozunguka, kisha huisukuma nje pamoja na unyevu. Bomba likiziba, hewa yenye unyevu hubaki ndani na joto hurundikana karibu na koili, hadi kidhibiti cha joto la juu kinapokata umeme wa koili ili kuzuia hatari. Hapo mashine huwaka na kuzima joto mara kwa mara, gamba lake linakuwa la moto, na nguo zinatoka vuguvugu na mbichi. Nguo za kawaida zilizokuwa zikikauka kwa dakika 45 zinapohitaji kurudiwa mzunguko wa pili, bomba lishukiwe mara moja.

Uchunguzi uanzie nje ya nyumba, kwa kuwa hauhitaji kifaa chochote. Washa mashine ikiwa na nguo, nenda ukutani mahali bomba linapotokea, utazame kifuniko. Vibao vyake vinapaswa kuinuka vizuri, na mkono ulioshikiliwa mbele yake unapaswa kuhisi hewa yenye nguvu na joto. Vibao vikitikisika kidogo tu au visipoinuka kabisa, hewa imezuiwa mahali fulani kati ya pipa la nguo na hapo uliposimama, na kazi iliyobaki ni kutafuta mahali hapo.

Rudi ndani ulitazame chujio. Kuondoa utando wa nyuzinyuzi kwa mkono ni kazi ya kila mzunguko, lakini chujio linaweza kuonekana safi na bado likazuia hewa. Karatasi za manukato zinazotiwa pamoja na nguo huacha tabaka jembamba la nta juu ya wavu, ambalo halionekani kwa macho. Mimina maji ya bomba juu ya wavu: yakipita moja kwa moja, chujio ni zima, yakituama juu yake kama kwenye sahani, lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha. Chujio lililochanika libadilishwe, kwa sababu kila tundu ni njia ya nyuzinyuzi kuelekea kwenye bomba. Nafasi ambamo chujio hukaa nayo hujaa, na brashi ndefu nyembamba pamoja na mashine ya kufyonza vumbi ndivyo vinavyofaa kuisafisha.

Chujio likiwa zima, kizuizi kiko nyuma. Zima mashine, chomoa plagi, na kama ni ya gesi funga koki mpaka mkono wake ukae kukingama bomba. Plagi isipofikika, zima kwanza saketi breka yake, yaani swichi ya usalama iliyo kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba. Vuta mashine polepole ukiwa na mtu wa kukusaidia, bila kuvuta waya wala bomba la gesi, ambalo halipaswi kukunjwa wala kunyooshwa kwa nguvu. Ukisikia harufu ya gesi wakati wowote, usiguse swichi yoyote. Toka nje na upige simu ukiwa mbali na nyumba. Mashine zilizopandishwa moja juu ya nyingine zisivutwe na mtu wa kawaida, kwani ni nzito na huanguka. Kwa mashine ya gesi kwa jumla, mtu asiye na uzoefu afanye usafi wa chujio na kifuniko cha nje tu, kisha amwachie fundi mwenye leseni kazi ya nyuma.

Kitu cha kwanza kutazama nyuma ya mashine ni kipande kinachonyumbulika kinachounganisha mashine na ukuta. Mara nyingi ukaguzi huishia hapo, kwa sababu mashine imesukumwa hadi ukutani na kipande hicho kimebanwa kikawa bapa. Kama ni cha plastiki nyeupe, kiondolewe na kisirudishwe, kwa kuwa kinaweza kuyeyuka na kuwaka. Kile cha karatasi nyembamba ya aluminiamu iliyozungushiwa waya ni bora kidogo tu: mikunjo yake hunasa nyuzinyuzi na hupasuka kwa urahisi. Ninashauri kibadilishwe kwa kipande cha aluminiamu ngumu inayokunjika au bomba gumu la bati, kiwe kifupi kadiri inavyowezekana, kisizidi futi 8, na kisipite ndani ya ukuta wala dari. Klampu za chuma ndizo za kukifungia.

Kusafisha bomba lililo ndani ya ukuta

Vaa glavu, kwa sababu kingo za bati hukata, na barakoa, kwa sababu vumbi hili huwasha koo. Tumia tochi kutazama ndani ya bomba kutoka pande zote mbili. Utando mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Manyoya, yaani nyuzinyuzi zilizoshikana, yaliyoning'inia au yaliyoziba nusu ya njia hayakubaliki.

Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza brashi ya duara yenye upana wa inchi 4 pamoja na fito zinazonyumbulika ambazo huunganishwa kimoja baada ya kingine. Kabla ya kuanza, pima njia yote na uhesabu fito zinazohitajika, kisha funga kila kiungo kwa utepe, kwani brashi iliyokatikia ndani ya ukuta huweza kulazimisha ukuta ubomolewe. Ingiza brashi taratibu ukiizungusha, isonge mbele futi moja au mbili, ivute nyuma, ondoa manyoya yaliyoshikwa, urudie. Ukitumia drili, iwe kwa mwendo wa chini kabisa, na izunguke upande wa kukaza skrubu muda wote, hata wakati wa kuvuta brashi nje. Ukigeuza mzunguko, fito zitafunguka zenyewe na brashi itabaki ndani. Brashi ikigoma, usilazimishe: inawezekana imefika kwenye kona kali, kwenye skrubu iliyopenyeza ndani, au mahali bomba lilipopondeka. Brashi ya namna hii isitumike kabisa ndani ya kipande cha aluminiamu nyembamba, kwa kuwa itakichana, na mpasuko huo utamwaga nyuzinyuzi nyuma ya mashine pasipo mtu kujua.

Manyoya yaliyolegea yafyonzwe kwa mashine ya vumbi kutoka ncha zote mbili. Wako wanaopuliza bomba kwa mashine ya kupulizia majani ya bustani. Njia hiyo inaweza kusaidia katika bomba fupi lililonyooka, lakini panapokuwa na kizuizi kigumu hukishindilia zaidi au huachanisha viungo ndani ya ukuta, na ndiyo maana siipendekezi kuwa njia ya kwanza.

Baada ya kuunganisha tena, hakikisha kipande cha nyuma hakijakunjwa wakati mashine inarudishwa, kisha iendeshe bila nguo na bila joto kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili mabaki yatoke nje. Nenda ukatazame kifuniko tena. Usafi huu ufanywe angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi katika nyumba yenye watoto wengi, yenye mbwa au paka, au yenye bomba refu.

Bomba safi lakini hewa bado ni dhaifu

Baadhi ya mabomba yalikosewa tangu siku ya kujengwa. International Residential Code, kanuni ya ujenzi inayofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani, inataka bomba la chuma lenye ndani laini, upana wa inchi 4, na urefu usiozidi futi 35 ikiwa mtengenezaji wa mashine hakutoa kipimo kingine. Kila kona ya nyuzi 90 hupunguza urefu huo kwa futi 5, na ya nyuzi 45 kwa futi 2.5, kiasi kwamba bomba lenye kona mbili za nyuzi 90 linaruhusiwa futi 25 tu. Skrubu za viungo hazipaswi kupenya ndani zaidi ya sehemu moja ya nane ya inchi, kwa sababu kila ncha ya skrubu hukusanya manyoya. Viungo vizibwe kwa utepe wa aluminiamu unaovumilia joto, si kwa utepe wa kitambaa, ambao gundi yake hukauka na kuachia. Bomba linalovuka mipaka hii litaziba haraka hata likisafishwa vizuri, na dawa yake ni kufupisha njia.

Mdomo wa nje nao una makosa yake. Wavu wa kuzuia wadudu haupaswi kuwekwa hapo, kwa sababu huziba kwa nyuzinyuzi katika muda mfupi. Wakati wa majira ya kuchipua ndege hujenga viota ndani ya mdomo ambao kibao chake kimevunjika. Kiota chenye mayai au makinda kisiguswe kabla ya kuuliza idara ya wanyamapori ya jimbo, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inalinda aina nyingi za ndege wanaohama. Katika majimbo kama Minnesota na Maine, theluji inayorundikana ukutani huweza kufunika mdomo wote kwa usiku mmoja, na kwa mashine ya gesi hilo ni hatari ya kaboni monoksidi, hivyo theluji iondolewe kabla ya kuwasha. Bomba linalotokea juu ya paa lisafishwe na mtaalamu mwenye vifaa vya kupandia.

Dalili nyingine ambazo chanzo chake ni tofauti

Hewa ikitoka nje kwa nguvu lakini ikiwa baridi, tatizo si bomba, angalau kwa wakati huo. Katika mashine ya umeme, angalia kwanza saketi breka: ni pacha, na upande mmoja ukikatika pipa linaweza kuendelea kuzunguka bila joto. Izime kabisa kisha uiwashe tena, mara moja tu. Ikikatika tena, mwite fundi umeme. Breka ikiwa nzima, huenda fyuzi ya joto imeungua. Fyuzi hii hukata mara moja tu na haijirudishi. Katika baadhi ya mashine ikikatika joto hupotea, na katika nyingine mashine haiwaki kabisa. Kuungua kwake mara nyingi ni ushahidi kwamba bomba lilikuwa limeziba, kwa hiyo kuibadilisha bila kusafisha bomba ni kuiandaa mpya iungue vilevile. Fundi anayependekeza kuunganisha waya ili kuiruka fyuzi hiyo akataliwe bila mjadala, kwa sababu anaondoa kinga iliyowekwa dhidi ya moto.

Mashine ikisimama mapema nguo zikiwa bado mbichi, na hilo likitokea tu kwenye mpangilio wa kujizima yenyewe, tazama vipande viwili vya chuma vilivyo ndani karibu na chujio. Hivyo hupima unyevu wa nguo, na nta ya karatasi za manukato huvidanganya. Mashine ikiwa imezimwa, vifute kwa kitambaa chenye spiriti.

Chumba kikijaa mvuke, madirisha yakitoa jasho, au vumbi la kijivu likitanda nyuma ya mashine, kuna kiungo kilichoachia. Mashine izimwe mpaka kirekebishwe. Na ukisikia maji yakigugumia ndani ya bomba, au ukikuta nyuzinyuzi zilizolowa na kugandamana, bomba linapita mahali pa baridi, kama vile darini, na mvuke unageuka maji kabla ya kufika nje. Bomba hilo lisafishwe, lifungwe kizuizi cha joto kwa nje, na liwekwe kwa mteremko kuelekea nje.

Harufu ya kuungua haichunguzwi mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Izime na usiitumie tena mpaka ikaguliwe ndani, kwa sababu manyoya hukusanyika pia karibu na koili, chini ya pipa, mahali ambapo brashi ya bomba haifiki. Ukiona moshi, usifungue mlango wa mashine, kwa kuwa hewa mpya huchochea moto. Watoe watu wote, funga mlango wa chumba nyuma yako, na upige simu 911. Vituo vingi vina wakalimani wa simu, kwa hiyo anayeshindwa Kiingereza ataje anwani yake na kusema neno moja, "Swahili". Chanzo kingine cha harufu hiyo ni vitambaa vya jikoni vilivyolowa mafuta. Mafuta hayatoki yote kwenye kufua, na kitambaa hicho kikirundikwa kikiwa cha moto kinaweza kujiwasha chenyewe baada ya mashine kumaliza kazi. Vitambaa hivyo vianikwe ndani kwenye kamba.

Kwa wanaopanga nyumba

Katika jengo la ghorofa, bomba la nyumba yako linaweza kupita ndani ya kuta na dari za majirani hadi juu ya paa, na mpangaji hana ruhusa wala uwezo wa kulisafisha. Wajibu wake ni kusafisha chujio kila mzunguko, kutobana kipande cha nyuma, na kutoa taarifa. Taarifa hiyo iandikwe, isiwe ya mdomo peke yake, kwani maneno ya mdomo husahaulika na hayana tarehe. Iseme nambari ya nyumba, muda ambao nguo huchukua kukauka, kama hewa inatoka nje au la, na kama kuna harufu au joto lisilo la kawaida, kisha iombe bomba lote likaguliwe hadi mdomo wa nje. Picha ya nyuzinyuzi zilizo nyuma ya mashine iambatishwe, na nakala ihifadhiwe kwenye simu. Mpaka fundi aje, nguo zikaushwe kidogokidogo, mtu mzima akiwepo na akiwa macho, na mashine isiwashwe usiku watu wanapolala. Kama kuna harufu ya kuungua, isiwashwe kabisa.